Mipango ya Afya ya Halmashauri: Kwa Nini Mahitaji ya Wananchi Yapimwe Kabla ya Fedha Kugawanywa

Kila mwaka, miezi kadhaa kabla ya Julai 1 ambapo mwaka mpya wa fedha wa Serikali huanza, zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya halmashauri kote Tanzania Bara huandaa mipango yao ya utekelezaji. Mipango hiyo huunganishwa kuwa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Ni waraka ambao wananchi wengi hawajawahi kuuona, lakini ndio unaochangia kuamua kama zahanati ya kijiji itakuwa na dawa za kutosha msimu wa mvua, kama huduma ya mkoba ya chanjo itafika katika kitongoji cha mbali, na kama mama mwenye uzazi pingamizi atafikishwa kwenye chumba cha upasuaji kwa wakati.

Kwa sababu hiyo, swali la namna mahitaji ya afya ya jamii yanavyopimwa haliwahusu wataalamu peke yao. Fedha za afya hazijawahi kutosheleza kila hitaji katika nchi yoyote. Panapopangwa bila kupima, fedha huenda kule zilikokwenda mwaka uliopita, au kwa mwenye sauti kubwa zaidi kikaoni. Panapopangwa kwa kupima, zinapata nafasi ya kwenda kule ambako watu wanaugua na kufa zaidi.

Mnyororo wa upangaji unaoanzia kijijini

Kwa utaratibu uliopo, upangaji wa afya huanzia kwenye kituo cha kutolea huduma. Mganga Mfawidhi pamoja na Kamati ya Usimamizi wa Kituo, ambayo wajumbe wake wengine ni wananchi wa eneo husika, hupitia takwimu za kituo, hubainisha matatizo makubwa, huyapanga kwa vipaumbele na kuainisha shughuli pamoja na gharama zake. Mipango ya vituo hupelekwa kwa Timu ya Usimamizi na Uendeshaji wa Huduma za Afya ya Halmashauri, inayoongozwa na Mganga Mkuu wa Halmashauri, ambayo huichambua na kuiunganisha. Rasimu hupitia kwenye Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri na Baraza la Madiwani, kisha hukaguliwa katika ngazi ya mkoa, na hatimaye TAMISEMI na Wizara ya Afya hujiridhisha kuwa imezingatia miongozo ya kitaifa.

Sambamba na mnyororo huo upo ule wa maendeleo ya jumla ya jamii. Kupitia mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, vijiji na mitaa huibua miradi yao, ambayo hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya kufika halmashauri. Mradi wa kisima, barabara ya kuunganisha vitongoji au ukamilishaji wa boma la zahanati huweza kuibuliwa humo. Minyororo hii miwili ikizungumza, mpango wa afya hupata nguvu. Isipozungumza, hutokea zahanati ikapangiwa kupunguza kuhara kwa watoto huku kijiji hichohicho kikiwa hakijaweka maji safi katika orodha ya vipaumbele vyake.

Wastani wa Taifa na sura ya kila eneo

Takwimu za kitaifa za miaka ya karibuni zina habari njema. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa vifo vitokanavyo na uzazi vilishuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vilivyokadiriwa katika utafiti wa mwaka 2015/16. Vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Akina mama waliojifungulia katika vituo vya kutolea huduma za afya waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81.

Ndani ya habari hiyo njema kuna somo kwa wanaopanga. Vifo vya watoto wachanga, yaani wanaofariki ndani ya siku 28 za mwanzo wa maisha, vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa awali, na vilikuwa 24 mwaka 2022. Kwa maneno mengine, mafanikio makubwa yamepatikana kwa watoto waliovuka mwezi wa kwanza, lakini mwezi wenyewe wa kwanza haujabadilika sana. Kati ya kila vifo 43 vya watoto wadogo, 24 hutokea katika kipindi hicho kifupi. Halmashauri inayoendelea kupanga kama ilivyopanga miaka 10 iliyopita, ikijikita katika chanjo, vyandarua na matibabu ya kuhara pekee, itakuwa inalinda mafanikio yaliyokwishapatikana bila kugusa eneo ambako vifo vingi vimebaki. Eneo hilo linahitaji mambo mengine: mkunga mwenye ujuzi wa kumsaidia mtoto asiyepumua, chumba chenye joto, huduma ya kumbeba mtoto njiti kifuani, dawa za maambukizi na rufaa isiyochelewa.

Tofauti kati ya eneo na eneo nazo ni kubwa. Utafiti huohuo ulionesha kuwa maambukizi ya malaria kwa watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 yalikuwa asilimia 8.1 kitaifa. Hata hivyo, katika Mkoa wa Tabora yalizidi asilimia 20, huku katika baadhi ya mikoa ya nyanda za juu yakiwa chini ya asilimia 1. Mpango mmoja wa malaria kwa halmashauri zote hauwezi kuwa sahihi kwa mikoa ya namna hizo mbili. Ule unaoifaa Tabora ungekuwa ubadhirifu kwingineko, na ule wa kwingineko ungeiacha Tabora bila kinga.

Mfano wa udumavu unafikirisha zaidi. Kitaifa, asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa mwaka 2022. Mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, kwa takriban asilimia 57, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa zilizokuwa karibu na asilimia 50. Mikoa hiyo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa chakula nchini. Mtu anayekisia mahitaji kwa kutazama mashamba angeipeleka bajeti ya lishe mahali pengine. Ni upimaji wa watoto wenyewe uliodhihirisha kuwa ghala lililojaa mahindi si uthibitisho kwamba mtoto anapata mlo wenye mchanganyiko wa makundi yote ya chakula, au kwamba mama anayeshinda shambani anapata muda wa kumlisha mara za kutosha.

Funzo la Rufiji na Morogoro

Tanzania ina mfano wake yenyewe wa kile kinachoweza kutokea takwimu zinapoongoza fedha. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Kanada iliendesha mradi wa majaribio katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali la mradi lilikuwa rahisi: je, timu ya afya ya wilaya ikipewa takwimu sahihi za magonjwa ya eneo lake, zana rahisi za kuzisoma na fedha kidogo za nyongeza, hali ya afya ya wananchi itabadilika?

Jambo la kwanza lililobainika lilikuwa pengo kati ya mzigo wa magonjwa na mgawanyo wa bajeti. Takwimu zilikusanywa kwa kutembelea kaya na kuhoji ndugu wa marehemu kuhusu dalili zilizotangulia kifo, kwa kuwa watu wengi walifariki majumbani bila kupita hospitalini. Zilionesha kuwa malaria ilisababisha takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea huko Morogoro, lakini mwaka 1996 ilikuwa imetengewa takriban asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya wilaya. Hakuna aliyekusudia pengo hilo. Lilikuwa limejengeka mwaka hadi mwaka kwa sababu ya mazoea na masharti ya wafadhili, na kwa kuwa hapakuwa na mahali ambapo mzigo wa magonjwa na bajeti viliwekwa pamoja kwenye ukurasa mmoja.

Timu za wilaya zilipoona picha hiyo zilibadili mgawanyo. Vyandarua vyenye viuatilifu vilipewa kipaumbele, watumishi walipewa mafunzo ya kumchunguza na kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya ugonjwa mmoja mmoja, na usimamizi wa vituo pamoja na mawasiliano ya redio viliimarishwa. Wananchi wa Rufiji walishiriki kwa nguvu zao kukarabati zahanati zilizokuwa zimechakaa. Fedha za nyongeza zilizoweza kutumika zilikuwa takriban senti 80 za dola ya Marekani kwa mkazi kwa mwaka, ingawa mradi ulikuwa tayari kutoa hadi dola 2. Katika miaka mitano iliyofuata, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Ni kweli kwamba kushuka kwa vifo hakuwezi kupewa sababu moja. Hali ya hewa, kilimo, elimu ya akina mama na mabadiliko ya sera za matibabu navyo vina nafasi yake. Hata hivyo, mambo mawili ya mfano huo hayajapitwa na wakati. La kwanza ni kwamba fedha zilezile, zikielekezwa upya, hununua uhai mwingi zaidi. La pili ni kwamba timu za wilaya hazikuweza kutumia fedha zote zilizokuwapo. Hii inakumbusha kuwa uwezo wa kupanga na kutekeleza ni rasilimali inayojitegemea, ambayo haiji yenyewe fedha zinapoongezeka.

Nani anahesabiwa, na nani hahesabiwi

Chanzo cha kwanza cha takwimu kwa mganga wa zahanati ni vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambavyo taarifa zake sasa huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa kitaifa. Vitabu hivyo huonesha idadi ya wagonjwa waliohudumiwa, magonjwa yaliyothibitishwa, waliojifungua, waliopata chanjo na dawa zilizotolewa. Umuhimu wake hauna mjadala, lakini vina mpaka mmoja: humhesabu aliyefika.

Ichukuliwe kwa mfano zahanati ambayo eneo lake la huduma linatarajiwa kuwa na wajawazito 160 kwa mwaka. Kitabu kinaonesha wanawake 96 walijifungulia hapo, na wote walitoka salama. Kwa kutazama kitabu pekee, zahanati hiyo haina tatizo la uzazi. Lakini wako wanawake 64 ambao kitabu hakiwafahamu. Baadhi yao huenda walijifungulia kituo cha afya au hospitali, na wengine walibaki nyumbani kwa sababu mto ulifurika, nauli ilikosekana, au mara ya mwisho walipofika walipokelewa kwa maneno makali. Mahitaji makubwa zaidi ya kijiji hicho yamo katika idadi hiyo ya 64, na hayawezi kuonekana mpaka mtu atoke zahanati na kwenda kuuliza vitongojini.

Ili kufahamu kuwa walitarajiwa 160, mpangaji anahitaji idadi sahihi ya watu. Hapo ndipo Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 inapoingia. Sensa hiyo ilihesabu watu 61,741,120, ikilinganishwa na 44,928,923 mwaka 2012, ongezeko la wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Ongezeko hilo halikuwa sawa kila mahali. Kata za pembezoni mwa miji na maeneo ya machimbo au ya kilimo cha biashara hukua haraka kuliko makadirio. Kituo kinachoendelea kutumia makadirio ya zamani huagiza chanjo, vyandarua na dawa kwa ajili ya jamii iliyokuwapo, na kuishiwa kabla ya robo mwaka kwisha. Dalili ya tatizo hilo ni kiwango cha chanjo kinachozidi asilimia 100. Takwimu ya namna hiyo hutokea idadi ya walengwa inapokuwa ndogo kuliko uhalisia au watoto wa eneo jirani wanapohudumiwa hapo, na mara nyingi husomwa kama ushindi ilhali inaweza kuwa inaficha watoto ambao hawajafikiwa kabisa.

Magonjwa yasiyo ya kuambukiza yanaongeza ugumu wa upimaji. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wa wenye tatizo hilo hawaumwi chochote hadi siku ya kiharusi, hivyo hawaingii katika kitabu chochote. Zahanati isiyopima presha ya mtu mzima anayekuja kwa ajili ya kikohozi itaendelea kuripoti kuwa eneo lake halina ugonjwa huo.

Ni katika mazingira haya ambapo Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya ngazi ya Jamii, uliozinduliwa jijini Dar es Salaam Januari 31, 2024, unapata uzito wake. Mpango huo unalenga kuwa na wahudumu 137,294 kwa awamu ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamke na mwanaume. Kwa kawaida wahudumu hawa hutazamwa kama watoa elimu ya afya. Kwa mtazamo wa upangaji, wao pia ndio wanaoweza kujaza pengo la vitabu vya MTUHA: kumtambua mjamzito kabla hajafika kliniki, kuripoti kifo kilichotokea nyumbani, kumbaini mtoto asiyepata chanjo na mzee mwenye presha asiyetumia dawa. Thamani hiyo itapatikana endapo taarifa zao zitafika mezani wakati mpango unapoandikwa, badala ya kubaki katika madaftari.

Jengo na huduma

Sera ya Afya ya mwaka 2007 na Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi uliofuata ziliweka dira ya kuwa na zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Dira hiyo iliamsha ari kubwa. Wananchi walisomba mawe na mchanga, wakachanga fedha na kuinua maboma, na Serikali imekuwa ikiyakamilisha kadiri bajeti inavyoruhusu. Umbali wa kufuata huduma umepungua kwa mamilioni ya Watanzania.

Hata hivyo, jengo ndilo hitaji linaloonekana kwa urahisi zaidi, na kwa sababu hiyo ndilo linalotajwa kwanza katika mkutano wa kijiji. Upimaji mzuri huuliza hatua ya pili: jengo likishakamilika, nani atakayehudumu humo, atalala wapi, maji yatatoka wapi, chanjo zitahifadhiwa kwa nishati gani na fedha za uendeshaji zitatoka mfuko upi? Kuna mazingira ambamo nyumba ya mtumishi au tanki la kuvunia maji ya mvua kwenye zahanati iliyopo huokoa maisha mengi kuliko jengo jipya umbali wa kilomita chache. Yapo pia mazingira ambamo jibu ni usafiri. Mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga wa m-mama, unaopigiwa simu bila malipo kupitia namba 115, ulitokana na kutambua kuwa mama wengi walifariki njiani au wakisubiri gari, si kwa sababu hospitali haikuwapo. Mfumo huo hutumia magari ya wagonjwa pamoja na madereva wa jamii waliosajiliwa.

Fedha zilizosogea karibu na kituo

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo vya kutolea huduma, badala ya kubaki halmashauri na kutolewa kwa maombi. Vituo vinazitumia pamoja na mapato yao ya bima na ya malipo ya papo kwa papo, na vinatoa taarifa kupitia mfumo wa kielektroniki wa uhasibu wa vituo. Mabadiliko hayo yaliipa Kamati ya Usimamizi wa Kituo uzito ambao haikuwa nao. Kabla ya hapo kamati iliweza kupendekeza. Sasa inaidhinisha matumizi ya fedha zilizopo.

Katika lishe, Mkataba wa Lishe uliosainiwa upya na wakuu wa mikoa mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2022 uliendeleza utaratibu wa halmashauri kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano. Faida ya kipimo hicho ni kwamba mwananchi yeyote anaweza kukikokotoa. Halmashauri yenye watoto 40,000 inapaswa kuonesha shilingi milioni 40. Swali linalofuata ni kiasi gani kilitolewa, kisha kilifanya nini. Kutenga ni hatua moja, kutoa ni nyingine, na kutumia kwa lililokusudiwa ni ya tatu.

Mipaka ya utaratibu huu nayo haina budi kutajwa. Kila halmashauri hupanga ndani ya ukomo wa bajeti, na sehemu ya fedha huja ikiwa na maelekezo ya namna ya kutumika. Baadhi ya masharti hayo yana sababu nzuri, kwa kuwa huhakikisha dawa na chanjo hazimezwi na posho. Lakini masharti yakizidi, upangaji wa kutoka chini hugeuka kuwa zoezi la kujaza fomu ambayo majibu yake yameshaandikwa, na wananchi walioshiriki mwaka huu hawataona sababu ya kushiriki mwakani. Njia ya kuepuka hali hiyo ni kuacha sehemu ya bajeti inayoweza kufuata kipaumbele cha eneo, na kurejesha kwa wananchi maelezo ya nini kilikubaliwa, nini kiliahirishwa na kwa sababu gani.

Hoja hii imepata uharaka mpya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakusudia kila mkazi awe ndani ya bima, na mwenye kadi atatarajia kukuta mtumishi, kipimo na dawa. Mlipuko wa ugonjwa wa Marburg uliotangazwa Mkoa wa Kagera Machi 2023, kisha ule wa Biharamulo uliotangazwa Januari 2025, ulionesha kuwa dharura huanzia katika zahanati na kaya, na kwamba mpango usio na fungu la utayari hulazimika kukopa kutoka huduma nyingine. Aidha, hatua ya Serikali ya Marekani kusitisha kwa muda misaada yake ya nje Januari 2025 ilizikumbusha nchi nyingi za Afrika kuwa shughuli inayotegemea mfuko wa nje pekee haina budi kuwa na nafasi katika mpango wa ndani.

Nafasi ya mwananchi

Kisheria, mkutano mkuu wa kijiji hujumuisha kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na hupaswa kufanyika walau mara moja kila miezi mitatu. Taarifa ya zahanati ni ajenda halali katika mkutano huo. Mwananchi hahitaji utaalamu wa takwimu kuuliza mambo machache ya msingi: ni wajawazito wangapi walitarajiwa mwaka huu na wangapi walifikiwa; dawa zipi ziliisha na kwa siku ngapi; kituo kilipokea kiasi gani cha fedha na kilitumia kwa nini; ni vipaumbele gani vitatu vilivyopelekwa halmashauri, na vipi kati yake vilirudi na fedha.

Wajumbe wa kamati nao wana wajibu wa kutomwachia Mganga Mfawidhi kazi ya kupanga peke yake. Yeye anafahamu yaliyoingia katika vitabu. Wao ndio wanaofahamu kitongoji kinachokatika barabara kila masika, kundi la wafugaji linalohamia kiangazi na wanawake wanaopita mbele ya zahanati moja kwenda nyingine kwa sababu ya lugha ya mtoa huduma. Taarifa hizo zikiingia kwenye mpango, huduma ya mkoba hupangiwa mwezi ambao gari linaweza kupita, na chanjo huwafuata wafugaji kule waliko.

Ratiba ina umuhimu wake. Maandalizi ya vituo hufanyika miezi mingi kabla ya Bunge kujadili bajeti, hivyo hoja inayoletwa baada ya Julai kwa kawaida husubiri mwaka mzima. Ofisi za watendaji wa vijiji na mitaa, waganga wafawidhi na wajumbe wa kamati wanaweza kuwaeleza wananchi tarehe za vikao vya kupanga katika maeneo yao. Taarifa za mapato na matumizi zinatakiwa kubandikwa katika mbao za matangazo za vituo, mahali ambapo kila anayesubiri huduma anaweza kuzisoma.